Kwa anayeanza kushika daftari la mwendelezo kwenye komedi

Mwendelezo ni kuhakikisha vitu, mavazi na matendo yanafanana kutoka shoti moja hadi nyingine. Makosa yake mengi hayaletwi na uzembe. Yanaletwa na ratiba: sini zote za sebuleni hupigwa siku moja, hata kama kwenye hadithi zimeachana wiki tatu. Kisha mhariri huchagua teki (rudio moja la shoti) inayochekesha, kikombe kiwe mahali pake au kisiwe. Hata wenye bajeti kubwa hawakupona. Katika Friends ya Marekani (1994–2004), mlango wa nyumba ya mhusika Monica ulianza na namba 5 kisha ukawa 20, kwa kuwa namba ndogo haikuendana na nyumba ya ghorofa za juu.

Kwa hiyo usihangaike na kila kitu. Anza na mikono, mavazi na chakula, maana macho ya mtazamaji yako hapo.

Sini ya kula ndiyo inayotesa kuliko zote. Andaa angalau sahani tatu zinazofanana kwa kila mlaji, na mwambie mwigizaji amege matonge madogo. Kwenye skripti, pigia mstari neno analolisema anapoinua tonge, na pembeni andika ni mkono upi. Akiinua kwenye neno "mjomba" kamera ikiwa mbali, ainue hapo hapo ikisogezwa karibu. Vinginevyo mhariri hana pa kukatia. Chai kwenye glasi iwekee alama ya kiwango kwa utepe mwembamba upande usioonekana. Ugali ukikaa chini ya taa hukauka na kufanya ngozi juu, hivyo ufunike kwa kitambaa chenye maji kati ya teki na teki.

Picha ya simu ipigwe mara dairekta anaposema "kata", kabla mtu hajainuka. Wanaoanza hupiga mwanzoni mwa shoti wakaridhika, wakati shoti inayofuata huanzia pale hii ilipoishia. Kila picha ipe jina la sini, shoti na teki, usiiache na namba iliyopewa na simu yenyewe.

Kanga ina hatari yake: ina maandishi. Mama akiwa amejifunga jina (hayo maandishi) likisomeka mbele, halafu kamera ikigeuka jina limeingia kwenye mkunjo, watazamaji wa huku wataliona kabla hata hawajamsikia anasema nini. Piga picha ya fundo, ya upindo na ya jina lenyewe.

Nje, adui ni bahari. Ukishuti Mikindani au ufukwe wa Lindi, kusini mwa Tanzania, maji yamejaa, baada ya saa sita hivi yatakuwa yamekupwa na ngalawa za nyuma zimelala kwenye tope. Kesho yake maji hujaa kwa kuchelewa kama dakika 50. Ukirudi baada ya wiki moja, saa ile ile utakuta karibu kinyume chake. Baada ya wiki mbili hivi hali hurudi karibu na ilivyokuwa, kwa hiyo ukidaiwa shoti ya marudio, pendekeza tarehe hiyo. Waulize wavuvi bamvua (siku za maji kujaa na kupwa sana) ni lini. Wanajua kuliko programu za simu. Mikorosho nayo husaliti: shoti ya Julai ina maua, ya Novemba ina mabibo, na kwenye hadithi ni siku moja.

Adhana ikianza, simamisha. Sauti hiyo ikikatwa katikati haizibiki.

Fungua pia daftari la pili, la habari za wahusika: umri, kwao, ndugu, na sini ilikotajwa. Kwenye komedi ya Marekani Cheers, mhusika Frasier alisema baba yake amefariki. Alipopewa komedi yake mwenyewe mwaka 1993, mzee yuko hai na anahamia kwake, na baadaye ikabidi ielezwe kwamba Frasier alidanganya kwa sababu ya ugomvi na baba yake.

Ukiona kosa, mnong'oneze dairekta kabla kamera haijahamishwa, usimkemee mwigizaji mbele za watu. Omba shoti moja ya ziada ya msikilizaji, sekunde kumi zinatosha, ili mhariri apate pa kujificha. Kama tatizo liko mwilini mwa mwigizaji, mfano jeraha, mpelekee mwandishi alitie kwenye hadithi. Matt LeBlanc, aliyeigiza Joey, alipoteguka bega akirekodi Friends, Joey alionekana mkono umetundikwa shingoni kwa bandeji, na kwenye hadithi ikasemwa ameumia akirukaruka kitandani.