Kabla ya Kupeleka Shafti Ikapakwe Kromu

Shafti ya pampu inapolika kwenye sehemu ya sili, yaani kizuizi cha uvujaji, karakana nyingi hushauri ipakwe kromu ngumu, tabaka la metali linalowekwa kwa umeme ndani ya beseni la kemikali, kisha isagwe hadi irudi kwenye kipimo chake cha awali. Kwa upande wa kulika, ushauri huo ni sahihi. Hata hivyo, katika kazi yangu ya kukarabati mitambo ya viwandani nimeona kwamba wenye mitambo huuliza tabaka hilo lina ugumu gani, lakini ni nadra waulize linaifanyia nini shafti yenyewe, ambayo hupindwa upande huu na huu kila inapozunguka.

Pampu inayoendeshwa kwa mizunguko 1,450 kwa dakika huzunguka zaidi ya mara milioni 2 kwa siku moja. Chini ya mzigo unaojirudia namna hiyo, chuma huchoka na kukatika hata kama mzigo wenyewe ni mdogo kuliko ule ambao kingeubeba kwa utulivu. Mhandisi Mjerumani August Wöhler alilithibitisha jambo hili katika karne ya 19 kwa kuzifanyia majaribio ekseli za treni. Ufa wa uchovu kwa kawaida huanzia usoni mwa chuma, yaani mahali palepale tunapoweka tabaka. Kromu ngumu huwa na nyufa nyembamba tangu inapotoka kwenye beseni, kama tope la bwawa lililokauka, na ndani yake mna mkazo wa kuvuta uliobaki. Mzigo ukijirudia, mojawapo ya nyufa hizo huweza kuendelea hadi ndani ya chuma cha chini.

Shafti ikikatika, ninakusihi usiitupe, wala usijaribu kuviunganisha vipande vyake, kwa sababu kufanya hivyo husugua na kufuta ushahidi. Niliwahi kuchunguza kipande kilichokuwa na mistari laini ya upinde iliyoanzia kwenye ukingo wa kromu, karibu kabisa na bega la shafti, yaani mahali unene wake unapobadilika, ikasambaa hadi upande wa pili, ambako palibaki eneo dogo lenye chembe za kukwaruza lililokatika mwishoni. Kromu ilikuwa bado inang'aa.

Kwa hiyo, andika masharti yako kwenye oda ya kazi. Kromu iishie kabla ya kufika kwenye mviringo wa bega, mahali ambapo mkazo ni mkubwa zaidi. Kama karakana ina uwezo huo, uso upigwe kwanza kwa tembe ndogo za chuma ili ubaki na mkazo wa kubana, ambao huzuia nyufa kufunguka. Usagaji wa mwisho ufanywe polepole na kwa maji ya kutosha, maana joto la jiwe huunguza chuma na kuanzisha nyufa mpya.

Sharti ninalolisisitiza kuliko yote ni tanuri. Upakaji wa kromu kwa umeme huingiza haidrojeni ndani ya chuma, na chuma chenye nguvu ya kuhimili kuvutwa inayozidi megapaskali 1,000 huweza kuwa chepesi kuvunjika kwa sababu yake. Kipande cha namna hiyo huokwa kwenye nyuzi 190 hadi 220 za Selsiasi, kikiingizwa tanurini ndani ya saa 4 baada ya kupakwa, kwa muda usiopungua saa 8, na zaidi ya hapo kadiri chuma kinavyozidi kuwa na nguvu.

Sisemi kwamba kila tabaka ni hatari. Kupenyeza naitrojeni usoni mwa chuma huacha mkazo wa kubana na kwa kawaida huongeza uhai wa shafti. Vilevile, kwenye pampu ya maji ya chumvi, tabaka zuri lisilopitisha maji huzuia vishimo vya kutu ambavyo ni mwanzo mwepesi wa ufa. Lakini kama shafti yako ni ya chuma chenye nguvu kubwa na karakana haina tanuri wala haiwezi kukuonyesha kumbukumbu za uokaji, ni afadhali ugharimie kukereza shafti mpya.