Hewa Ikinaswa Kwenye Kulanti ya Injini ya Boti

Umebadilisha kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea, ya injini ya boti yako ya matanga, na sasa mshale wa joto unapanda ghafla, unashuka, kisha unapanda tena. Usikimbilie kununua themostati mpya, ile valvu inayofungulia kulanti njia injini ikipata joto. Mara nyingi ni hewa iliyonaswa ndani. Mimi hutengeneza dizeli za boti zinazotia nanga Mtwapa na Kilifi, na tatizo hili hunijia kila mara kutoka kwa watu wanaojaza kulanti ya boti kama wanavyojaza rejeta ya gari.

Kwanza ujue ni maji yapi yanayokusumbua. Injini nyingi za boti zina njia mbili. Maji ya bahari huingia kwa valvu ya chini, hupita kwenye chujio, husukumwa na impela, yaani gurudumu la mpira ndani ya pampu, hadi kwenye kipozeo, kisha hutoka pamoja na moshi wa ekzosi. Kulanti nayo huzunguka ndani ya injini na kupoa kwenye kipozeo hichohicho, bila kuchanganyika na maji ya bahari. Ekzosi isipotema maji, au ikitema kidogo tu, zima injini mara moja na uangalie upande wa bahari. Ikiwa inatema vizuri na joto bado linapanda, geukia kulanti.

Upande wa bahari hauna mengi. Mpira wa mfuniko wa chujio ukikauka, pampu hunyonya hewa badala ya maji. Kusi likivuma na boti ikalala sana, tundu la kunyonyea linaweza kutoka majini, hewa ikaingia. Tazama chujio kabla ya kuwasha injini. Likiwa tupu na liko juu ya usawa wa bahari, lijaze maji kwa mkono, funga mfuniko, ndipo uwashe. Impela ikizunguka kavu huharibika haraka sana, na vipande vyake huenda kuziba kipozeo.

Kulanti ndiyo inayotaka subira. Hewa hupanda juu ikakaa, na pampu ya kulanti haiwezi kuisukuma. Palipo na hewa chuma hakipoi, na ikiwa kihisi cha joto kimezungukwa na hewa hiyo, mshale unaweza kuonyesha hali nzuri huku silinda hedi, kifuniko cha juu cha silinda, inaungua. Kwenye boti nyingi injini hulala kimshazari, mbele juu na nyuma chini, kufuata shafti ya rafadha. Kwa hiyo hewa hukusanyika mbele, mara nyingi penye themostati. Themostati nzuri ina kitundu kidogo cha kupitishia hewa. Unapoiweka, kitundu hicho kielekee juu.

Kuna mahali pengine ambapo wengi hawapatazami: tangi la kuchemshia maji ya kuogea. Hosi mbili za kulanti hutoka kwenye injini hadi tangi hilo, ambalo mara nyingi limefichwa chini ya kiti au ndani ya kabati. Hosi hizo zikipanda juu kuliko mfuniko wa kujazia kulanti, hewa hukaa humo, na hata ujaze mara ngapi pale kwenye mfuniko haitatoka.

Anza injini ikiwa baridi kabisa. Mimina kulanti polepole huku unaminyaminya hosi kwa mkono. Kama kuna skrubu ya kutolea hewa penye themostati au kwenye kipozeo, ilegeze mpaka kulanti itoke bila mapovu, kisha uikaze. Baadaye chomoa hosi moja ya tangi la maji moto upande wa injini, iinue juu, na uimiminie kulanti kwa faneli mpaka itokee upande wa pili. Irudishe upesi na ukaze klipu.

Sasa washa injini bila mfuniko, kwa mwendo wa chini. Mapovu yatatoka na kulanti itashuka, nawe uongeze. Themostati nyingi hufunguka kati ya nyuzi 71 na 82 za Selsiasi, na hapo kulanti inaweza kushuka kwa ghafla. Ongeza tena, funga mfuniko, kisha uipe injini mzigo boti ikiwa imefungwa vizuri. Kuanzia hapo usifungue mfuniko mpaka injini ipoe. Mfuniko ndio unaozuia kulanti yenye joto kali isichemke. Ukiufungua, itaruka usoni. Nimewaona watu walioungua hivyo, na ni majeraha mabaya. Kesho yake asubuhi angalia kiwango tena, karibu kila mara utaongeza kidogo.

Kulanti isiyochanganywa tayari mimi huichanganya nusu kwa nusu na maji ya distili. Maji ya visima vya pwani yetu mengi yana chumvi, usiyatie humo.

Ikiwa umefanya yote hayo na mapovu bado yanatoka mfululizo, yakizidi unapoongeza kasi ya injini, shuku gasketi ya silinda hedi: gesi ya mwako inaingia kwenye kulanti. Zima injini, umwite fundi.

Na ikiwa hosi za tangi lako kweli ziko juu ya injini, weka kivalvu kidogo cha kutolea hewa pale hosi ilipo juu kabisa, au weka tangi la ziada la kulanti lililo juu kuliko vyote. Ni kazi ya siku moja.