Jibu: Je, ipo jeni moja inayoifanya saratani isambae?

Muulizaji anataka kujua kwa nini uvimbe mmoja husambaa ilhali mwingine wa ukubwa uleule hubaki ulipo, na kama ipo jeni moja ya kulaumiwa. Kwa yale niliyoyaona katika kazi yangu ya maabara ya patholojia, jeni hiyo moja haipo. Hitilafu za jeni kama TP53 na KRAS hukuza uvimbe, lakini mara nyingi hitilafu zilezile hukutwa katika uvimbe wa awali na katika ule uliosambaa, kwa hiyo tofauti hutafutwa zaidi katika jeni zilizowashwa na zilizozimwa.

Tazama E-kadherini, protini inayoshikanisha seli jirani. Katika saratani ya titi ya aina ya mirija, kingamwili ya kuitambua protini hiyo, tunayoipaka kwenye slaidi, huacha mstari wa kahawia kuzunguka seli. Katika aina ya lobula (vijitezi vinavyotoa maziwa) mstari huo kwa kawaida haupo, na seli huonekana zikipenya moja moja, kwa safu, katikati ya nyuzi za kolajeni. Protini kama Snail, Twist na ZEB1 zaweza kuizima jeni ya E-kadherini bila kuiharibu, aghalabu zikichochewa na TGF-beta, protini inayopeleka ishara kati ya seli, au na upungufu wa oksijeni ndani ya uvimbe. (TGF-beta ni kigeugeu: mwanzoni huzuia seli zisigawanyike, baadaye huzisaidia kutoroka.) Hata hivyo, tusikimbilie kusema kwamba kuipoteza E-kadherini ndiko kusambaa kwenyewe, kwani saratani nyingi za mirija zilizokwisha kufika kwenye ini au mapafu bado huonyesha mstari uleule: ama seli ziliiwasha jeni upya, ama zilisafiri kwa makundi zikiwa zimeshikana.

Tena, kufika si kuota. Daktari Mwingereza Stephen Paget aliandika mwaka 1889 kwamba mbegu huota tu katika udongo unaoifaa, na leo sehemu ya udongo huo inajulikana: seli za saratani ya titi zenye kipokezi cha CXCR4 juu yake huvutwa na CXCL12, protini ya kuita seli, ambayo hutolewa kwa wingi katika mapafu, ini, uboho na tezi za limfu. Zilizo nyingi hufa njiani, na baadhi hulala miaka mingi bila kugawanyika. Ndiyo maana sisi hukitumia kipimo cha E-kadherini kutambua aina ya saratani, wala hatukitumii peke yake kutabiri kama itasambaa.