Muulize Fundi: TIG yangu inakula tangsteni

SWALI: Shikamoo fundi. Nina miaka sita nachomelea mageti na madirisha kwa vijiti. Mwezi uliopita nilinunua mashine ya TIG, ile inayochomelea kwa ncha ya tangsteni isiyoyeyuka huku gesi ikikinga mshono, ya ampia 200 kwa ajili ya reli za ngazi za stenlesi, bomba la unene wa milimita 1.5. Nikiwasha tu, ncha ya tangsteni inavimba kama kichwa cha njiti ya kiberiti, kisha inadondokea kwenye kazi. Mshono unatoka mweusi, una vitundu. Nimepandisha ampia, nimeshusha, hali ni ileile. Je, nimeuziwa mashine mbovu?
Msomaji wako, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiirudishe dukani bado. Kwa hicho kichwa cha kiberiti, naona tochi, yaani mpini unaoshika tangsteni, umeichomeka kwenye chanya. Ni mazoea ya vijiti, vingi hupenda chanya. TIG ya stenlesi inataka kinyume: tochi kwenye hasi, kibano cha ethi, kile kinachobana kazi, kwenye chanya. Takriban theluthi mbili ya joto huangukia upande wa chanya, kwa hiyo ulikuwa unaipika tangsteni badala ya bomba.

Weusi na vitundu vinatokana na gesi. Soma mtungi kabla hujaulipia. Niliwahi kuuziwa mchanganyiko wa agoni na kabonidayoksaidi, ule wa MIG, mashine ya waya unaojisukuma wenyewe, muuzaji ananiapia kwamba agoni ni agoni. Nilishinda kutwa nikinoa tangsteni, nayo inaungua palepale. TIG inataka agoni tupu. Kwa kauri (mdomo wa tochi unaotoa gesi) namba 6, weka lita 8 kwa dakika. Ukipandisha hadi 20 hujilindi zaidi, maana gesi ikitoka kwa kishindo inavuta hewa ndani. Na huko kwenu upepo wa bahari haulali: zima feni, ziba kwa turubai.

Ncha yenyewe ndiyo nakuomba uifanyie kazi kwa utulivu. Chukua tangsteni ya milimita 1.6 yenye alama ya dhahabu au buluu. Nyekundu ina thoriamu, madini yenye mionzi, na vumbi lake ukinoa si la kuvuta kifuani. Tenga jiwe moja la kazi hiyo tu, lisiguse chuma kingine. Inoe kwa urefu, kama mtu anavyochonga penseli kwa kisu, mchongo ufike milimita 3 au 4. Kisha ipeleke kwenye mwanga uitazame: mikwaruzo yote ielekee nchani. Ikizunguka kama pete, moto utayumba na utadhani ni mkono wako.

Ampia ni za mwisho. Anza na 50, waya wa kujazia uwe 308L, wa stenlesi. Gesi ya baada ya moto weka sekunde 6, na tochi usiinyanyue mpaka ikome. Vijana wengi wanaichomoa upesi kama kijiti, mshono ungali mwekundu, hewa inaudaka hapohapo. Ukipoa ukawa na rangi ya dhahabu au buluu hafifu, mshukuru Mungu. Ukiwa wa kijivu, punguza ampia au harakisha mkono.

Kama mashine hiyohiyo utaitumia pia kwa vijiti vya mageti, funga utepe wa njano kwenye kebo ya tochi na mwingine kwenye tundu la hasi, visipotezane. Asubuhi fungua mtungi, sogeza kauri shavuni uisikie gesi, kisha chomelea kwanza kipande cha bomba chakavu kabla hujagusa reli ya mteja.