Mseto wa Zanzibar: ASP ilikuwamo au haikuwamo?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Hapa Tanga wazee wenye asili ya Pemba hubishana barazani. Mmoja anasema kabla ya Mapinduzi chama cha ASP (Afro-Shirazi Party) kilikuwa ndani ya serikali ya mseto Zanzibar, mwingine anakataa katakata. Nani mkweli? Na chama chenye kura nyingi kilikosaje serikali?
Msomaji, Chumbageni, Tanga

JIBU: Marahaba. Wote wawili wakweli, ila kila mmoja anasema ya mseto wake.

Wa kwanza ulikuwa wa muda tu. Uchaguzi wa Januari 1961 ulikuwa wa viti 22: ASP ilipata 10, Hizbu (Zanzibar Nationalist Party, ZNP) 9, ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party) 3. Wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili kwa Hizbu na mmoja kwa ASP. Ikawa 11 kwa 11, na hakuna wa kuunda serikali. Tena kiti cha Chake Chake ASP ilikitwaa kwa kura moja tu. Ingeangukia kwingine, huenda sare isingetokea. Basi pande zote mbili zikaingia serikali ya mpito mpaka uchaguzi wa marudio. Humo ASP ilikuwamo.

Kosa la awali ni idadi ya viti kuwa shufwa, yaani inayogawanyika kwa mbili. Kwa uchaguzi wa Juni 1961 kiliongezwa kiti cha 23. Safari hii Hizbu na ZPPP walikwisha kupatana mapema wasishindane majimboni. ASP 10, Hizbu 10, ZPPP 3: mseto huu wa pili, wa Hizbu na ZPPP bila ASP, ukawa na 13, moja zaidi ya 12 zilizohitajika. Mohamed Shamte wa ZPPP, chama kidogo kuliko vyote, akawa kiongozi wa serikali. Ndivyo misetoni: mwenye viti vichache vinavyokamilisha hesabu ndiye mwenye bei. Ghasia za uchaguzi huo ziliua watu 68.

Julai 1963 viti vilikuwa 31. Hizbu 12 na ZPPP 6 zikafanya 18. ASP ilibaki na 13, ingawa ilipata asilimia 54 hivi ya kura zote. Sababu ni mfumo wa jimbo moja mjumbe mmoja. Kura za ASP zilirundikana katika ngome zake, ikishinda kwa maelfu pale ambapo ziada ya kura moja ingetosha; wapinzani wake walishinda majimbo mengi kwa tofauti ndogo, hasa Pemba. Ziada haihamishiki jimbo jingine. Sheria haikuvunjwa hapo, lakini zaidi ya nusu ya wapiga kura waliuona uhuru wa 10 Desemba 1963 ukikabidhiwa kwa wengine. Kumwalika ASP hata kwa wizara chache kungekuwa busara, hakualikwa. Serikali ikawaachisha kazi polisi wengi wenye asili ya Bara, watu waliojua bohari za silaha zilipo. Usiku wa kuamkia 12 Januari 1964 bohari za Ziwani na Mtoni zikavamiwa. Uhuru ule ulikuwa na siku 33.

SWALI: Na Tanganyika ilikuwa na mseto ilipopata uhuru?
Msomaji, Pangani

JIBU: La. Uchaguzi wa 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na 58 kati ya hivyo bila kupingwa. Ungemshirikisha nani?