Elizabeth Tilley hakuwa binti wa Gavana Carver

Ndugu uliyeuliza kama ukoo wa Howland wa Plymouth, koloni la Waingereza lililokuwa Massachusetts, Marekani, unatokana na Gavana John Carver, jibu ni hapana, ingawa kwa miaka mingi wazao wenyewe waliamini kwamba John Howland alimwoa binti wa gavana huyo, na wakaandika hivyo hata kwenye jiwe la kaburi la Howland. Kosa hilo lilisahihishwa baada ya maandishi ya mkono ya William Bradford, gavana aliyeandika historia ya koloni hilo, yaliyotoweka Boston zama za vita vya uhuru wa Marekani, kutambuliwa London mwaka 1855. Bradford, ambaye alisafiri na akina Howland, Carver na Tilley katika meli ya Mayflower mwaka 1620, anaeleza waziwazi kwamba mke wa Howland alikuwa Elizabeth, binti wa John Tilley. Ushahidi wa mtu aliyeishi nao una uzito kuliko jiwe lililochongwa karibu karne mbili baadaye.

Ukitaka kufuatilia ukoo huo, anza basi na wasia na hati za ardhi za Plymouth, ndipo uvuke bahari kwenye rejista za ubatizo za Uingereza. Tarehe nazo zisome kwa uangalifu, kwa kuwa kabla ya 1752 mwaka wa Waingereza ulianza Machi 25, hivyo mtoto aliyeandikwa Februari 1650 kwa hesabu yetu alizaliwa 1651.