Dar es Salaam nje ya Masaki na Posta: chagua saa kabla ya mtaa

Ndugu yetu anayetoka Mwanza ameuliza atembee na kula wapi Dar es Salaam akishachoka na Masaki, Mlimani City na Coco Beach. Nimekulia jijini humu, na ushauri wangu wa kwanza ni kwamba achague saa kabla ya kuchagua mtaa, kwa sababu chakula cha uswahilini hupikwa kwa ajili ya watu wanaofanya kazi mahali hapo, na wakishashiba, masufuria huoshwa.

Asubuhi na mapema aende Feri, soko la samaki lililo jirani na kivuko cha Kigamboni, wakati vyombo vinarudi kutoka baharini na mnada umepamba moto. Upande wa wakaangaji kuna makarai mapana ya mafuta juu ya moto wa kuni, na samaki aliyenunuliwa muda mfupi uliopita hutoka humo akiwa mkavu nje na laini ndani. Moshi huwasha macho na sakafu haikauki, hivyo avae viatu vya kufunika.

Kutoka hapo aelekee Mabibo, kwenye soko ambalo wengi tunaliita Mahakama ya Ndizi, ambako malori hushusha mikungu kutoka Kilimanjaro na Mbeya. Wabeba mizigo wanapopumzika ndipo mama lishe wanapopakua mtori, yaani ndizi zilizochemshwa pamoja na nyama, zikapondwa mpaka zikawa uji mzito, na mfupa ukabaki katikati ya bakuli. Kwangu mimi hakuna mtori wa hotelini unaoufikia huu, kwa kuwa ndizi zake hazijalala ghalani. Akifika saa nane mchana, asitegemee kuukuta.

Kariakoo inajulikana, nami sitairefusha. Aliangalie jengo la soko kuu lililobuniwa na Beda Amuli miaka ya 1970, ambalo liliungua Julai 2021, kisha atafute benchi la muuza kahawa katika mitaa ya pembeni, anywe kahawa chungu kwa kashata na kuwasikiliza wazee wanavyobishana kuhusu Simba na Yanga. Simu aiweke mfuko wa mbele.

Jioni ndiyo ninayoipenda kuliko saa zote, na mahali pake ni Magomeni Mapipa, ambako mtu anashuka kwenye mwendokasi na kuwakuta wauza pweza wamekwisha kuwasha taa zao. Mnunuzi huonyesha mkono wa pweza anaoutaka, muuzaji akaukata vipande vidogo vidogo juu ya kibao, akavichomeka vijiti, kisha akasogeza bakuli la pilipili. Supu yake hunyweka ikiwa ya moto, ndimu ikiwa imekamuliwa juu yake, na ni desturi kusimama pale pale mpaka kikombe kiishe, kwa sababu wengine wanakisubiri. Aulize bei ya kipande kabla hakijakatwa, hakuna atakayechukia.

Kama safari yake ni ya Machi hadi Mei, afuatilie habari za mvua kabla ya kutoka mjini kwenda Magomeni, maana bonde la Jangwani likijaa maji, barabara ya Morogoro hufungwa na mabasi ya mwendokasi husimama.